Shilingi Tano za Mehetabel

"Kwa jina la Mungu, amina," ndivyo anavyoanza
babu wa babu wa babu, sijui mara ngapi,
Jabez Wickwire, mkulima wa koloni la Konektikati,
mwaka elfu moja mia saba arobaini na tatu,
mwili dhaifu, akili timamu,
Februari, theluji imefika dirishani.
Theluji hiyo nimeiweka mimi. Wosia hausemi.

Nimeletewa sanduku la kijivu na glavu nyeupe.
Penseli ruhusa, wino marufuku.
Nilikuja kutafuta tarehe ya kufa;
nimekuta nyumba nzima ikigombana kwa sauti ya chini.

Kwa mkewe, Submit: chumba cha mashariki,
nusu ya ghala la chini,
matufaha ya miti mitatu
na ruhusa ya kupita jikoni kwenda kisimani
maadamu atabaki mjane wangu.
Miaka thelathini na moja amepita jikoni humo
bila kuomba njia.

Kwa Lemuel, mwana wa kwanza: shamba, zizi,
ng'ombe wote isipokuwa mmoja,
na sharti: kila Novemba amletee mamaye
kuni mizigo minane, kavu, zilizopasuliwa,
zisizozidi urefu wa meko,
ziwekwe mlangoni, si barabarani.
Soma tena: si barabarani.
Baba hasemi mwanangu ni mchoyo.
Anapima kuni tu.
Alijua kikulacho.

Kwa Thankful, kitanda anacholalia
na ng'ombe yule aliyesalia, mwenye pembe iliyovunjika.

Kisha, kati ya birika la shaba na farasi jike wa kahawia,
"msichana wangu mweusi Dina,"
kwa Lemuel na warithi wake, milele.
Hakuna hata nukta iliyomtenga na birika.
Jina la mamaye halimo. Umri haumo.
Birika limeandikwa ratili zake.
Penseli yangu ilisimama hapo, ikakawia.
Mimi natoka kwa Lemuel. Nimehesabu mara mbili.

Na Mehetabel? Shilingi tano,
"kwa sababu anazozijua mwenyewe."
Mimi sizijui. Miaka mia mbili na themanini
siri imekaa mdomoni mwa maiti.
Huenda mwanamume, huenda dini, huenda neno moja
lililotoka mezani likakataa kurudi.
Kwetu lilikuwa neno juu ya boti.
Baba alipofariki, kaka yangu Warren alichukua boti,
mimi nikachukua saa ya ukutani isiyotembea.
Hatujapigiana simu tangu Pasaka, na si Pasaka hii.

Chini kabisa, msalaba uliopinda,
na karani pembeni: alama ya Jabez.
Hakujua kuandika.

Nikaigeuza karatasi niirudishe sandukuni.
Nyuma, wino mwingine, mwandiko mwembamba,
umenyooka kama mshono wa mtu mwenye subira:
"Nimepokea kwa kaka yangu Lemuel
shilingi tano, zote nilizoachiwa na baba,
pamoja na mama.
Mehetabel."

Pamoja na mama.
Basi Submit hakungoja Novemba.
Alipita jikoni mara ya mwisho,
akaiacha miti yake mitatu idondoshe matufaha nyasini,
akaenda kwa binti wa shilingi tano.

Sijui nani alimfundisha kalamu
mtoto wa mtu wa msalaba.
Sijui kama Dina alishika mlango bibi akitoka,
au alikuwa kisimani.
Yeye hana stakabadhi. Hakupokea kitu.

Saa kumi na moja kasoro, mtunza nyaraka anazima taa za nyuma.
Nimenakili maneno matatu tu.
Garini, nimeshika simu, kioo kimefunga ukungu.
Warren atauliza, kuna nini?
Nami sina habari ya kumpa, ila hii:
saa ile ya baba, ukiigonga ubavuni,
hutembea dakika tano.